Gari la Juu na Gari la Chini

Vijana wa karakana, mliponiomba niwaachie maandishi ya kazi yangu nilijua mnataka nini. Mlitaka habari za lile trekta lililotumbukia korongoni na tela la kahawa, na jinsi tulivyolitoa kwa mnyororo na jeki mbili. Hiyo mmeshaisikia, na kila mwaka korongo linazidi kwenda chini kwa sababu msimulizi ni mimi. Leo nitaandika juu ya magari mawili madogo ya kuongozwa kwa redio, kila moja urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, yaliyokimbizwa juu ya zulia. Katika miaka yangu kumi na tisa hapa shambani, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vibaya kuliko zote, na hakuna kati yenu anayeijua.

Nilifika hapa Karatu mwanzoni mwa miaka ya sabini nikitokea Singida, nina miaka thelathini na sita, mke, watoto wawili na sanduku la mbao lenye spana sita. Nilikuwa nimeshika malori miaka kadhaa nikajiona fundi. Aliyenipokea ni Mzee Shabani, fundi mkuu, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kopo lenye nati kumi na mbili zilizochanganywa, akaniambia nizipange kwa ukubwa huku nimefumba macho. Nilikosea mbili.

"Mbili si mbaya," akasema. "Lakini bwana Mkumbo, nati mbili zinatosha kuangusha gurudumu."

Mzee Shabani alifundisha kwa mkono. Gari likirudi kutoka Arusha, kabla dereva hajashuka, yeye ameshazunguka magurudumu manne akigusa kila moja kwa kiganja, kujua beringi ipi imepata joto. Injini aliigusa, betri aliigusa, hata chai aliigusa bilauri kwanza. Alikuwa na meza yake ya kazi chini ya dirisha, ndiyo iliyokuwa na ile vaisi kubwa ya kubania vyuma, na hakuna aliyeitumia bila kuomba. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia pale kabla ya kufika kwetu wengine. Niliitamani ile meza tangu wiki ya kwanza, na sikuwa na haraka, kwa sababu baada ya Mzee aliyefuata kwa umri ni mimi.

Mwaka wa nne akaja Akonaay. Alikuwa kijana wa Kansay, Mwiraqw, miaka ishirini na kitu, mwembamba, anapiga mbinja akifanya kazi. Ufundi alijifunzia kwenye majembe ya kukokotwa na mashine za kusaga za vijijini. Mzee akampa kopo lilelile. Akonaay akafumba macho, akapanga zote kumi na mbili bila kosa, kisha akarudisha mkono kwenye mojawapo.

"Aako, hii moja imelika nyuzi zake," akasema. Aako kwao ni babu, na ndivyo alivyomwita Mzee mpaka mwisho. "Ukiifunga itashika leo, kesho inaachia."

Mzee akaiangalia nati ile juani, akacheka. Ndiyo siku niliyojua kwamba Mzee Shabani ana meno ya dhahabu mawili. Miaka minne nilikaa naye sikuwahi kuyaona.

Sitawaficha. Siku ile roho ya kwa nini iliniingia na ikatandika kitanda. Kwa nini yeye? Nilianza kuhesabu sifa kama mwanamke anavyohesabu kuku jioni. Wiki moja Mzee alimsifu Akonaay mara tatu, mimi mara moja, na hiyo moja ni kwa sababu nilifagia. Akonaay alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, halafu anasema silinda ipi ina shida. Nikijaribu mimi nasikia bisibisi tu. Kibaya zaidi, hakuwa na majivuno ambayo ningeweza kuyachukia. Aliniita kaka, akanigawia viazi vya kwao, akamtengenezea mke wangu jiko la mkaa bila kuombwa. Mtu wa namna hiyo anachosha sana kumwonea wivu, maana kila asubuhi unaanza upya.

Sasa tuje kwenye magari.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Masika ikikaza, barabara ya kushukia Mto wa Mbu haipitiki, kahawa bado haijaiva, na mameneja wa mashamba ya huku juu hawana la kufanya. Walikuwa na klabu yao, chumba kirefu chenye zulia jekundu lililoenea ukuta hadi ukuta, limetobolewatobolewa na moto wa sigara. Mmoja wao akaja na kigari cha redio kutoka Ulaya. Mwaka uliofuata wakawa navyo watatu, wakatandaza mipira ya kumwagilia maji juu ya zulia kuchora njia, wakashindana kila Jumapili mchana. Waliendesha vibaya mno. Mwisho kila meneja akamkabidhi fundi wake kile kisanduku chenye vijiti viwili vya kuongozea, wao wakabaki kukaa ukutani na kupiga kelele.

Meneja wetu alikuwa Mgiriki mzaliwa wa hukuhuku, tulimwita Bwana Niko. Kabla ya kwenda likizo kwa dada yake Ulaya, alikuja karakana na katalogi nene yenye picha, akaitupa juu ya meza ya Mzee.

"Mimi naleta mbili," akasema. "Mkumbo chagua moja. Akonaay chagua moja. Lakini siku ya mashindano, shamba moja gari moja. Ile mbaya inabaki nyumbani."

Wiki hiyohiyo Mzee Shabani alitutangazia kwamba masika ikiisha anarudi Kondoa, magoti yamekataa. Alisema hivi akiwa anafuta vaisi kwa kitambaa, hakututazama.

"Meneja ameniambia nimtaje mtu wa kukaa kwenye meza hii. Kwenye trekta nyinyi mnafichana. Mmoja kafungua, mwingine kafunga, likiharibika sijui ni la nani. Kigari kile kinatengenezwa na mikono ya mtu mmoja. Nitaangalia huko."

Kwa hiyo mkae mkijua. Kwa mameneja ilikuwa mchezo wa mvua. Kwangu mimi ilikuwa ile meza.

Nilikaa na katalogi siku tatu. Nilichagua kama mtu wa Karatu. Mnazijua barabara zetu. Udongo mwekundu ukilowa, gari lolote lenye tumbo chini linakaa pale hadi mvua zikatike. Sote tulilelewa tukijua kwamba gari zuri ni la juu, lenye tairi nene za meno, springi ndefu na bodi ngumu. Kwenye ukurasa wa kumi na kitu nikaliona hilo hasa. Limesimama juu, tairi za nyuma kubwa zenye meno, springi nne zinaonekana wazi kama za Landrova. Nikatia alama kwa penseli mara mbili asije mtu akakosea.

Akonaay alichagua kigari cha bodi ya saloon, kipana, kimelala chini mpaka nikadhani picha imekatwa. Kati ya tumbo lake na ardhi isingepita hata kalamu. Tairi zake zilikuwa za sponji, hazina jino hata moja.

Nilicheka hadi nikakaa. "Sasa hilo likikutana na jiwe?"

"Kaka," akasema polepole, "kwenye zulia kuna jiwe gani?"

Nilimwambia atajua. Ndiyo jibu nililokuwa nalo.

Baadaye sana yule mzee aliyekuwa akifagia klabu aliniambia kwamba Akonaay, kabla hajafungua katalogi, alikwenda kuomba aingie chumbani. Alivua viatu akatembea peku kwenye lile zulia, akalipapasa kwa kiganja akagundua kwamba ukienda upande wa dirisha nyuzi zinalala, ukirudi zinasimama. Akapima chumba kwa hatua, akahesabu kona. Ndipo akaenda kuchagua gari. Mimi nilichagua gari nikiwa nimekaa juu ya debe la grisi. Vijana, kama mnatafuta somo la ufundi katika maandishi haya ni hilo, mengine yote ni aibu zangu. Usichague gari kabla ya kuiona ardhi litakayokimbilia. Zulia linashika tairi kwa nguvu, kwa hiyo gari la juu likikata kona linashikwa miguu na kupinduka. Linataka gari pana, la chini, betri imelala katikati, tairi laini, na bodi nyepesi. Najua haya yote sasa.

Magari yalikuja kwenye maboksi, vipandevipande. Tuliunganisha kila mtu lake. La kwangu likawa zuri ajabu. Nililijaribia uwanjani, nje ya ghala, likaruka magunzi ya mahindi, likapanda rundo la kokoto, watoto wa kambini wakalikimbilia na kushangilia, vibarua wa palizi wakaacha chakula chao. La Akonaay halikuweza hata kutoka mlangoni, lilikwama kwenye kizingiti. Wiki mbili zile nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Nilimwona Akonaay amesimama pembeni na kigari chake mkononi kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa, nikamwonea huruma. Fikirini, mimi nikamwonea huruma!

Kisha Jumamosi moja Mzee akatupeleka klabu tujaribu ndani.

Kona ya kwanza gari langu lilipita. Kona ya pili likapinduka, magurudumu juu, likabaki linazungusha miguu hewani kama mende. Nikaligeuza. Likapinduka tena. Nilihesabu mara saba, halafu nikaacha kuhesabu kwa ajili ya afya yangu. Kigari cha Akonaay kilipita palepale kimya, kimenatana na zulia, kinakata kona kama kinachorwa kwa rula. Mzee mfagizi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ndugu Mkumbo," akaniambia, "asiyekubali kushindwa si mshindani."

Sijawahi kutamani kumpiga mtu na ufagio wake mwenyewe kama siku ile.

Mzee Shabani alisubiri hadi niliokote gari langu. "Ataendesha Akonaay," akasema. "Wewe Mkumbo utakuwa msaidizi wake. Chaji ni yako."

Niwaeleze chaji, kwa sababu ndipo kila kitu kilipo. Vigari vile vilitumia betri ndogo sita zilizofungwa pamoja. Kabla ya kila mbio unaziunganisha kwa nyaya na betri ya gari kubwa kwa dakika kumi na tano kamili. Zikipungua, gari linakufa njiani, zikizidi zinapasuka. Hakukuwa na mita wala taa ya kukuambia. Kulikuwa na saa ya mezani, ile ya kuamsha watu, na mtu wa kuitazama. Mbio zenyewe zilikuwa za dakika nane.

Wiki mbili nilimsaidia. Nilimwona akitoa nyuzi za zulia kwenye ekseli kwa sindano, moja moja. Alisugua tairi za sponji kwa msasa mpaka zikawa sawa pande zote. Alipima tumbo la gari kwa kadi ya posta iliyokunjwa mara mbili, ipite bila kukwaruza. Alijaribu gia tatu tofauti, akaandika kila moja kwenye kijidaftari gari limekwenda mizunguko mingapi. Aliniuliza maoni. "Kaka unaonaje hii?" Nilikuwa naona ni sawa, na kuona kwangu ni sawa kulikuwa kunaniuma kama jino. Nilitamani akosee hata kitu kimoja. Ningemsahihisha kwa upendo mkubwa.

Siku ya mashindano ilinyesha tangu asubuhi. Mashamba yalikuwa manne, na gari la tano lilikuwa la fundi mmoja wa hoteli ya juu kwenye ukingo wa kreta, mtu mnene aliyevaa tai. Akonaay alishinda mbio za mchujo mbili, zote kwa mbali. Bwana Niko alikuwa amesimama juu ya kiti. Nilisikia meneja wa jirani akimwambia, "Huyo kijana wako ni dhahabu," na Bwana Niko akamjibu, "Mimi najua. Shabani naye anajua." Walikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Mimi nilikuwa nimeshika nyaya.

Nilitoka nje kuchaji kwa ajili ya fainali. Landrova ilikuwa chini ya paa la baraza, boneti wazi. Nikaunganisha nyaya, nikaweka saa juu ya madigadi, nikakaa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Ndani walikuwa wanacheka, na nikasikia sauti ya Mzee Shabani naye akicheka, kile kicheko cha meno mawili. Nikawaza ile meza. Nikawaza asubuhi nitakapoingia karakana na kumkuta Akonaay chini ya dirisha anapiga mbinja, na mimi, mwenye miaka karibu hamsini na watoto wanne sasa, namwomba ruhusa nitumie vaisi.

Dakika ya kumi nikazitoa nyaya.

Sikuwa nimepanga, lakini msinitetee kwa hilo. Nilizitoa kwa mkono wangu, nikakaa dakika tano zilizobaki nikiiangalia saa, betri iko mapajani. Dakika tano ni ndefu. Ningeweza kurudisha nyaya wakati wowote. Kila nilipofikiri kuzirudisha nilisikia mtu amecheka ndani.

Akonaay akatokea mlangoni. "Kaka, tayari?"

"Tayari," nikasema.

Akaichukua. Mzee Shabani alikuwa nyuma yake, akanyoosha mkono, na Akonaay akampa betri kama tulivyozoea kumpa kila kitu. Mzee akaishika kwenye kiganja. Betri iliyochajiwa sawasawa inakuwa na joto kama yai lililotoka kwa kuku. Ile ilikuwa vuguvugu tu. Akaishika muda mrefu kuliko kawaida, akaniangalia, akamrudishia Akonaay. Mameneja walikuwa wanaita, magari mengine yalishapangwa, na wakaingia ndani.

Kwa dakika tano Akonaay aliongoza. Mtu mnene wa hotelini alikuwa nyuma yake nusu mzunguko, jasho linamtoka hadi kwenye tai. Dakika ya sita nikasikia sauti ya mota ya gari letu inashuka, kama mtu anayepandisha mlima na gunia. Dakika ya saba lilikuwa linatambaa. Gari la hoteli likalipita, kisha la jirani, kisha jingine. Likasimama katikati ya zulia kabla ya filimbi. Akasikika Bwana Niko akitukana kwa Kigiriki.

Nilifurahi. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwa muda wa kunywa nusu soda.

Bwana Niko akashuka kwenye kiti. "Nini? Betri?"

Akonaay alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, anaokota gari. "Ni mimi, bwana," akasema. "Nimeweka gia kubwa mno. Imekula betri."

Gia ile nilikuwa nimeiona kwenye kijidaftari chake. Ilikuwa ndiyo hasa iliyofaa. Nilikunywa nusu ya soda iliyobaki, haikuwa na ladha.

Baada ya wiki moja Mzee Shabani alituita wote karakana, akasema kwamba meza ni ya Mkumbo. Alisema kwa maneno machache na hakutoa sababu. Akanikabidhi ufunguo wa droo. Nilinyoosha mkono, naye akaukamata mkono wangu mzima, kama anavyoshika beringi. Nikajiambia anajua. Halafu nikajiambia, kama angejua asingenipa. Hayo mawili nimeyageuza kichwani miaka yote, na hata siku moja sikuweza kukaa upande mmoja. Mzee alikwenda Kondoa, akafariki miaka miwili baadaye, nikakosa wa kumwuliza.

Akonaay alinipa mkono. "Hongera kaka. Inakufaa." Msimu wa kahawa ulipokwisha aliaga, akapata kazi Endulen, kule Ngorongoro, kuangalia jenereta na magari ya hospitali ya misheni. Nilidhani sasa nitapumzika.

Chema chajiuza. Haikupita miezi sita kila dereva aliyeshuka kutoka Ngorongoro alikuwa na habari. Fundi wa Endulen kafanya hiki, fundi wa Endulen kafufua kile. Wamasai wa kule walikuwa wanamletea redio zao, saa zao, mpaka majeraha ya punda, na eti punda nao walipona. Nilikuwa nimekaa kwenye meza niliyoitamani miaka kumi, mwanga wa asubuhi wote wangu, na bado nilikuwa namwonea wivu mtu anayefanya kazi kwenye kibanda cha mabati kilomita nyingi kutoka hapa, upepo unamtia vumbi machoni.

Mwaka mmoja, katikati ya msimu, mashine ya kumenya kahawa ilinishinda. Siku mbili nilikesha nayo, kahawa inachachuka kwenye magunia. Bwana Niko hakunigombeza. Alituma gari Endulen. Akonaay alikuja na mkoba mmoja, akanisalimia, akaizunguka mashine, akaigusa huku na huku. Halafu akaja hadi kwenye meza yangu na kusimama.

"Kaka," akasema, "naomba nitumie vaisi yako."

Mbele ya watu wote. Hakuwa na dhihaka hata chembe, na laiti angekuwa nayo. Nikamwambia tumia. Saa mbili baadaye mashine ilikuwa inamenya. Usiku ule mke wangu aliniuliza kwa nini sili, nikamwambia tumbo.

Mwezi uliopita mliniaga. Mlichinja mbuzi wawili, mkanipa blanketi na saa ya ukutani, nawashukuru. Mlimwona pia mgeni aliyekuja kwa lori kutoka Endulen, mvi kidogo, mwembamba vilevile. Mlimjua kwa sifa. Baada ya hotuba, mlikuwa mmemzunguka yeye, mnamwuliza mambo ya jenereta, na mimi mwenye sherehe nilikuwa nimekaa na bibi wa jikoni tukizungumzia bei ya vitunguu. Siwalaumu. Ningekuwa na miaka yenu ningesimama hapohapo mliposimama.

Nilimwita pembeni, tukaenda kukaa nyuma ya banda la matrekta. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo miaka saba hivi, nikayatoa yote kwa mkupuo mmoja kabla sijabadili mawazo.

"Akonaay, siku ile ya zulia, nilikutolea betri dakika ya kumi. Haikuwa gia."

Alikuwa anang'oa nyasi, akaendelea kung'oa. "Najua, kaka. Niliishika."

"Ulijua kabla ya kukimbiza?"

"Aako aliponirudishia nilijua. Sasa ningefanya nini? Niseme mbele ya mameneja wote pale? Wangekufukuza kabla mvua haijakatika."

Nikasema lile lililokuwa likinisumbua kuliko hilo. "Basi Mzee alijua, na akanipa meza. Kwa nini alinipa mimi?"

Hapo akanitazama, na nikaona kwamba yeye alidhani siku zote ninajua.

"Hakukuambia?" akasema. "Jumatatu yake aliniita. Akaniambia, aliyekufanyia hivi nimemjua, na meza hii ni yako, wewe sema tu nimfukuze au nimwache abaki. Nikamwambia, aako, mpe yeye meza."

"Ukamwambia anipe?"

"Kaka, ningekaa mimi pale, wewe usingeshika spana tena. Ungekuwa unanitazama mimi tu, asubuhi mpaka jioni. Na una watoto wanne. Aako alikataa, tulibishana sana. Nikamwambia, mimi nitafanya kazi popote na nitalala usingizi. Yeye Mkumbo bila hiyo meza hatalala."

Alisema hivyo kama anavyosema silinda ipi ina shida. Akasimama, akajipangusa suruali, akaniambia watu wananisubiri, ni siku yangu. Nilitaka kusema asante. Neno lilifika mdomoni likakwama, na kilicholikwamisha nakifahamu vizuri, nimeishi nacho. Alirudi kwenu, mkampisha mkampa kiti, na mimi nikabaki nyuma ya banda nikimwangalia, roho inaniuma.

Miaka yote ile nilipokuwa nakosa usingizi, nilijifariji kwa jambo moja. Akonaay ana mikono, ana sikio, ana jina zuri mpaka Endulen, lakini angalau kitu kimoja nilimpokonya. Kumbe hata hicho alinipa.